Bei ya bunduki ya mzee: barua kwa Idrisa

Sioux Falls, South Dakota
16 Februari

Ndugu yangu Idrisa,

Habari za Columbus? Huku theluji imetufunika, gari naliwasha robo saa kabla ya zamu, lakini wazima tu. Mpe shemeji pole tena kwa msiba wa baba yake. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, nikaona heri nikuandikie. Mambo ya bei yakisemwa kwa simu, kesho yake kila mtu ana hesabu yake.

Kuhusu ile bunduki ya marisau ya kampuni ya Browning aliyoiacha mzee, baba wa shemeji, mnayotaka kuiuza: unasema intaneti imekwambia dola 1,800, muuza bunduki wa hapo kwenu akakwambia 350, ukatoka dukani umenuna. Nianze na huyo wa duka. Hakutaka kukuibia. Akishainunua ataiweka rafuni miezi, huku analipa pango na umeme, na mteja atakayekuja naye ataomba apunguziwe. Wenye maduka wengi hutoa nusu ya bei wanayotarajia kuuzia, wakijitahidi sana wanapanda kidogo juu ya hapo. Kwa hiyo 350 yake inakwambia kwamba kichwani mwake anaiona ikitoka kwa 600 hivi, au 700 siku ikiwa njema. Amekupa habari ya bure, wewe ukanuna!

Hiyo 1,800 ni bei ya mtu anayeomba, na kuomba hakuna kodi. Anaweza kuitundika mtandaoni mpaka wajukuu zake waje kuishusha. Kwenye tovuti za mnada kuna mahali pa kuonyesha zilizokwisha kuuzwa tu. Hapo ndipo pa kuangalia, tena uhakikishe mnada ulimpata mnunuzi, maana nyingine hufungwa bila hata mtu mmoja kutaja bei. Halafu itazame tena ile picha ya tangazo la 1,800 uliyonitumia. Ile ni Sweet Sixteen, geji 16, yaani mtutu wake ni mwembamba kuliko wa geji 12, nyepesi mkononi, na wakusanyaji wanaipenda kama watoto wao. Ya marehemu ni geji 12. Zinafanana sura kama ndugu wa baba mmoja, ila sokoni hazikai meza moja.

Nimejuaje? Namba uliyonisomea, ile inayoanza na 69G. Browning walikuwa wanaandika mwaka ndani ya namba: 69 ni 1969, na G ni Light Twelve, aina nyepesi ya geji 12. Kwa hiyo una Auto-5, ndilo jina la modeli hii, ya Ubelgiji, iliyotengenezwa na kiwanda cha FN pale Herstal kabla kazi hiyo haijahamia Japani katikati ya miaka ya 1970. Neno Ubelgiji lina pesa kidogo, watu wanalipenda. Na historia yake ni tamu. John Browning, aliyeibuni, aliipeleka kwanza kwa kampuni ya Winchester, wakagombana kuhusu malipo. Akaenda kwa Remington mwaka 1902, akiwa amekaa anasubiri kuonana na mkubwa wa kampuni, mkubwa akafariki ghafla siku hiyohiyo. Basi akapanda meli hadi Ubelgiji. Ukimsimulia mnunuzi atafurahi sana, lakini hatakuongezea hata dola kumi. Zilitengenezwa nyingi mno. Hayo maua yaliyochorwa ubavuni, ambayo shemeji anadhani ni ya oda maalumu, yako kwenye zote za daraja hilo.

Sasa tuje kwenye mwili wa bunduki, kwa sababu bei inatoka huko. Kabla ya yote hakikisha haina risasi, chemba na magazini, kisha hakikisha tena. Halafu fungua kile kifuniko cha mbele, uvute ile mbao ya kushikia. Umesema unaona "kama unywele". Huo ni ufa, na kwa Auto-5 ndio ugonjwa wa kawaida kuliko yote. Bunduki hii ukipiga, mtutu wenyewe mzima unarudi nyuma. Cha kuupokea ni springi, bangili ya chuma na kipande cha shaba, vyote viko chini ya hiyo mbao. Ukitaka kupiga risasi nzito, bangili inakaa kati ya springi na shaba. Ukipiga nyepesi, unaihamishia nyuma ya springi. Watu wanasahau. Anaiacha kwenye nyepesi, anakwenda kupiga nzito msimu mzima, mtutu unarudi kama nyundo na mbao inapasuka. Mulika kwa ndani uone ufa umefika wapi. Kama ni mfupi, fundi anaupaka gundi na hauendelei. Kama umetembea hadi mwisho, mnunuzi atapiga hesabu ya mbao mpya, na atakuwa na haki.

La pili limenikosesha usingizi kuliko wewe. Miaka ile, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, baadhi ya mbao za Browning zilikaushwa kwa chumvi ili zikauke upesi. Chumvi ikabaki ndani ya mbao, ikivuta unyevu, ikila chuma kimyakimya. Nje bunduki inang'aa, ndani kutu. Si zote, lakini 1969 imo katikati kabisa ya miaka hiyo, na mnunuzi anayejua atauliza kabla hajauliza jina lako. Fungua skrubu mbili za kitako, utazame chini ya ule mpira, na skrubu zenyewe uzitazame. Zikiwa safi, umepona. Zikiwa zimeliwa, kutu nyekundu kama tofali, basi sahau bei zote nitakazokutajia. Hapo utauza vipande. Mtutu peke yake, ukiwa mzima, nimewahi kuuona ukienda kwa 250.

Halafu huo mpira wa kitako haukutoka kiwandani. Pima kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako. Inatakiwa iwe karibu inchi 14 na robo. Ikiwa pungufu, mzee aliikata mbao ili akae nayo vizuri akiwa na koti, na mbao iliyokatwa hairudi.

Ile namba iliyochorwa kwa mkono ubavuni, umeuliza kama ni ya jeshi. Hapana. Miaka ya 1970 polisi wa huku walikuwa wanawahimiza watu waandike namba zao kwenye mali kwa kalamu ya umeme, wezi waogope. Wengine wakaandika ya leseni ya udereva, wengine ya hifadhi ya jamii. Marehemu alitii serikali, na utiifu wake umemgharimu binti yake kama dola hamsini. Usiikwangue! Utaacha kidonda kibaya zaidi. Kwenye picha ifunike kwa kipande cha karatasi, kwa ajili ya heshima ya mzee na usalama wa jina lake, lakini maandishi yaseme wazi kwamba ipo. Namba ya kiwanda ndiyo usiiguse hata kwa kitambaa chenye mchanga. Kuifuta ni kosa la jinai.

Jambo jingine linaloshusha bei halionekani kwa macho. Tangu 1991 ni marufuku nchi nzima kuwinda mabata kwa marisau ya madini ya risasi, wengi wanatumia ya chuma. Mitutu hii ya zamani ya Ubelgiji haikutengenezwa kwa ajili ya marisau ya chuma, na Browning wenyewe wanakataza. Kwa hiyo wawinda bata karibu wote, ambao ni wengi huko kwenu Ohio, upande wa Ziwa Erie, wametoka kwenye orodha ya wateja wako. Umebaki na wawindaji wa ndege wa fezanti kama mimi, na wazee wanaokumbuka bunduki ya baba zao. Hawa wa pili ndio wanaolipa.

Na tafadhali usiisafishe mpaka ing'ae. Nakuomba kama ndugu. Hujawahi kunisikia nikisema habari ya Winchester yangu, ile Model 12, kwa sababu ni aibu. Niliinunua kwenye mnada wa shamba, mbao imechakaa, chuma kimepauka. Nikasema hii nitaipendezesha. Wikiendi nzima niko gereji na msasa, vanishi inayong'aa mikono mitatu, kisha nikampa fundi 180 aipake chuma rangi upya. Ikatoka kama ya harusi. Nikaipeleka kwa mzee mmoja ambaye kabla ya hapo alikuwa ameahidi 500. Akaishika, akapitisha kidole gumba pale mbao inapokutana na chuma, nilipokuwa nimeisaga mpaka ikawa chini ya chuma. Hakusema kitu. Akanirudishia. Mwishowe niliiuza 325, na bado nadhani aliyenunua alinihurumia. Kwa hiyo kitambaa kikavu, mafuta tone moja, basi.

Bei sasa. Jumapili nimekaa nikaandika kumi na mbili zilizouzwa kweli, Light Twelve za Ubelgiji zenye ukanda juu ya mtutu kama yako. Ya chini kabisa 480, ya juu 1,050 ikiwa na boksi na karatasi zake. Hizo mbili nikazifuta. Zilizobaki nyingi zimekaa kati ya 600 na 800. Yako ingekuwa haina kasoro ningesema 750. Toa mpira, toa ufa, toa namba ya mzee. Kama skrubu za kitako ni safi, tangaza 625. Akija mtu na pesa mkononi akasema 550, mpe. Chini ya 500 mwambie ahsante, akatembee. Usiandike 800 ukitegemea kushushwa, mjomba. Hawa si watu wa Kariakoo. Mwenye kujua akiona 800 kwenye bunduki yenye ufa, hapigi simu kabisa, na anayepiga ni yule asiyejua, ambaye atakurudishia kesho. Ufa uandike wewe mwenyewe, sentensi ya kwanza, na picha yake uiweke. Ukimwonyesha mtu kasoro kabla hajaitafuta, anaacha kuitafuta nyingine.

Kama hutaki wageni mlangoni, na mimi nisingetaka, rudi kwa yule uliyemnunia umwombe akuuzie kwa kamisheni. Atachukua kama asilimia 15 au 20, lakini kumchunguza mnunuzi na fomu vyote viko juu yake. Mnunuzi akiwa wa jimbo jingine hakuna mjadala, sharti ipitie kwa mwenye leseni. Ndivyo sheria ya 1968 inavyosema. Kuhusu wakati: sasa hivi watu wanapokea marejesho ya kodi, mifuko ina joto. Ukikosa, ngoja Septemba, msimu ukikaribia. Juni usijisumbue.

Kabla ya picha muulize shemeji tena kama kweli anataka iuzwe, faraghani, bila kumtajia bei yako. Mara ya kwanza alikujibu wiki ya mazishi.

Na hizo skrubu za kitako zifungue kwa bisibisi inayojaa kwenye mfereji wake, si ile ya jikoni. Skrubu iliyotafunwa inaonekana hata kwenye picha ya simu. Nitumie picha kitako kikiwa wazi, karibu na dirisha, bila taa ya simu, nikuambie kama ni kutu au ni vumbi la mbao ya walnati tu.

Wako,
Mako