Barua ya wazi kwa Kamishna wa Leba: kagueni gredi, si kima cha chini pekee

Kwa Kamishna wa Leba, Nairobi.

Mheshimiwa,

Ukaguzi unaoishia kwenye kima cha chini cha mshahara hauambui kitu mahali penye CBA, yaani mkataba wa pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, kwa kuwa huko wengi hulipwa juu ya kima hicho. Ujanja umejificha kwenye gredi, yaani daraja la kazi ambalo mtu ameandikiwa. Mtu ameandikwa kibarua wa kawaida, ilhali zamu nzima yuko kwenye mashine ya kukata mabati: anaiwasha, anabadilisha kisu, anajaza daftari la uzalishaji. Agizo la Mishahara, lile la serikali linaloweka viwango vya chini vya malipo, limemtenga kibarua na mhudumu wa mashine, na mafundi likawapanga kuanzia wasio na gredi, kisha gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Fundi anapita mtihani wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, anapeleka cheti ofisini, anajibiwa kwamba nafasi ya gredi hiyo haipo. Kazi yenyewe lakini ipo, tena ni yeye anayeifanya.

Tuseme analipwa mshahara wa msingi wa Sh22,500 kwa kazi ya gredi ya Sh27,000. Pengo si Sh4,500 tu. Ukigawa mshahara kwa 225 kupata malipo ya saa, ni Sh100 badala ya Sh120. Ovataimu ya siku ya kawaida, mara moja na nusu, ni Sh150 badala ya Sh180. Kwa saa 20 za ziada amepunjwa Sh600 nyingine. Pale marupurupu ya nyumba yanapohesabiwa kwa asilimia 15, ongeza Sh675. Jumla ni Sh5,775 kwa mwezi, na hatujagusa likizo wala kiinua mgongo. Chama kikishinda nyongeza ya asilimia 8, lile pengo la Sh4,500 linafika Sh4,860. Nyongeza ya asilimia haiponyi gredi mbovu, huinenepesha.

Kuna na hila ya kupandisha cheo. Mtu anaitwa supavaiza, hana uwezo wa kuajiri wala kuadhibu yeyote, ila anatolewa kwenye CBA na ovataimu yake inakoma. Wakipandishwa hivyo wengi, chama kinaweza kukosa ule wingi wa kawaida, zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoweza kujiunga nacho, ambao Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inaudai ili kitambuliwe na mwajiri.

Tunaomba hivi. Kitengo cha wizara kinachochambua CBA kabla ya kusajiliwa mahakamani kiirudishe yoyote ambayo jedwali lake la gredi ni majina matupu. Kila gredi itaje mashine, majukumu na cheti kinachohitajika. Majedwali mengi yamenakiliwa kutoka CBA iliyotangulia, na mashine zilizoletwa baadaye hazimo.

Maafisa wako wachague zamu moja, walinganishe rejista ya mishahara na daftari la mashine la tarehe hiyo hiyo. Kwa madereva, walinganishe na daraja la leseni na gari aliloendesha: lori zito lina kiwango chake katika Agizo.

Mwisho, kila CBA iwe na utaratibu wa kuomba gredi ipitiwe upya: ombi la maandishi, kamati yenye idadi sawa ya pande zote mbili, kazi kutazamwa zamu nzima, uamuzi ndani ya siku 30. Malipo yaanzie tarehe ya ombi, si ya uamuzi. Bila sharti hilo, kila mwezi wa kuchelewesha ni akiba kwa mwajiri.

Wawakilishi wa wafanyakazi wa viwandani,
Nairobi