Barua ya wazi kwa vijana wetu wa maigizo hapa Malmö, Sweden, kabla hamjavunjana

Wanangu,

Shikamoo zenu za kwenye grupu nimezipata, marahaba wote, hata wewe uliyetuma kikatuni cha mikono ukadhani kimetosha.

Nimekaa kimya wiki nzima nasoma tu. Jumatatu ugomvi ulikuwa nani awe steringi kwenye mchezo wa Desemba, kila mtu anataka kuwa yule kijana anayerap, hakuna anayetaka kuwa baba mtu. Jumatano ukahamia kwa mwenzenu aliyepigiwa simu na watu wa TV aende usaili wa kuigiza muuza unga, nusu mkamwambia nenda, nusu mkamwita msaliti. Alhamisi wawili wakajitoa kwenye grupu. Alafu zikaja voisi noti za dakika saba saba mie nikalala. Sasa naandika, na naandika hapa wazi kila mtu aone, maana wazazi wenu nao wananisimamisha dukani, mzee vipi wale watoto, na siwezi kumjibu kila mmoja pembeni.

Mie sio mwigizaji. Nilicheza maigizo ya shule Tanga zamani hizo, basi. Kazi yangu ya hapa mnaijua, nimeendesha basi mji huu miaka 22 na nimepita karibu na lile jengo kubwa la opera sijui mara elfu ngapi. Wengi wenu mnalijua kwa nje tu. Jengo lile lilifunguliwa 1944 kama ukumbi wa tamthilia wa manispaa, na ndo ukumbi uliomkuza mtu ninayetaka niwape habari zake, mwigizaji Max von Sydow. Najua wachache mnamfahamu kama yule mzee wa kwenye mti wa Game of Thrones. Huo ulikuwa mwisho wa safari, nyie mko mwanzo, kwahiyo tuanzie huko.

Kazaliwa Lund 1929, hapo jirani, treni dakika kumi na kitu. Jina alilopewa ni Carl Adolf. Baba yake alikuwa profesa wa chuo kikuu, kazi yake simulizi na ngano za watu wa vijijini, yani hizi hizi hadithi bibi zenu walizowasimulia mkasinzia, kwao zilikuwa somo la chuo. Mtoto mwenyewe mpole, ana haya. Siku moja shule ikawaleta hapa Malmö kuangalia mchezo wa Shakespeare, ule wa vituko vya usiku mmoja msituni, akarudi kwao kichwa kimegeuka, akaanzisha kikundi cha maigizo na wenzake pale shuleni. Kikundi cha watoto wa shule, hakuna bajeti, kama nyie mlivyoanza kule chini kwenye kile chumba cha kufulia. Alafu akaenda jeshini, enzi hizo lazima, na huko ndo akajipa jina la Max, alilichukua kwa kiroboto. Kiroboto kabisa, nyota wa sarakasi ya viroboto. Sijatunga. Yani nyie mnaogombea majina ya kisanii wiki tatu, mwenzenu kachukua la kiroboto na likamfikisha Hollywood.

1948 hadi 1951 akasoma shule ya uigizaji ya Dramaten, ukumbi wa kifalme kule Stockholm uliopo tangu 1788, na akiwa bado mwanafunzi akaonekana kwenye filamu, 1949, sehemu ndogo. Sasa mtu kasoma shule kubwa kuliko zote nchini, kashatokea kwenye sinema, unategemea abaki Stockholm auze sura. Hakubaki. Akaenda Norrköping na Linköping, ukumbi mmoja unahudumia miji miwili, alafu 1953 Helsingborg, alafu ndo 1955 akafika Malmö. Miaka minne ya miji ambayo sisi tunaiona kwenye ubao wa stesheni tu. Kwenye kumbi kama zile hakuna steringi wa kudumu, leo wewe mfalme kesho unafungua mlango unasema chakula tayari unatoka, na watu ni wale wale wa mtaa, ukiharibu leo kesho unakutana nao sokoni.

Malmö akamkuta Ingmar Bergman, ndo aliyekuwa anaongoza michezo. Utaratibu wao nataka muusome mara mbili: baridi yote wako jukwaani, kiangazi kikija Bergman anabeba watu wake wale wale wanaenda kupiga filamu. Hakuna cha usaili wa watu wageni, wanajuana hadi namna mtu anavyokohoa. Kiangazi cha 1956 wakapiga ile ya askari anayerudi kutoka vita vya msalaba, anakuta tauni imekula nchi na Kifo chenyewe kinamsubiri ufukweni, joho jeusi uso mweupe kama chokaa, wakakaa kucheza chesi. Ufukwe wenyewe upo humu humu mkoani kwetu Skåne, Hovs Hallar, nikistaafu kweli kweli nitawapeleka. Filamu ikatoka mwanzoni mwa 1957 na mwaka huo huo ikapata tuzo Cannes, lile tamasha kubwa la filamu kule Ufaransa. Max alikuwa na miaka 27 wakati wanapiga.

Hapa ndo penyewe sasa. Mwaka huo huo wa 1957 yuko jukwaani hapa Malmö anacheza Peer Gynt, mchezo mrefu wa Ibsen, yule mwandishi wa Norway, ambao mtu mmoja anabeba karibu kila kitu mgongoni, anaanza kijana muongo anamaliza mzee. Kiangazi kikafika, Bergman anapiga filamu nyingine, steringi ni mzee Victor Sjöström, karibu miaka 78. Max wetu, ambaye uso wake umetoka tu Cannes, kapewa nini? Mtu wa kituo cha mafuta. Anajaza gari la yule mzee, anakataa kupokea hela kwasababu mzee aliwahi kuwatibia watu wa pale, kwisha. Ukiinuka kwenda kutia chai umemkosa. Na akaicheza kama mtu aliyezaliwa kwenye hicho kituo, hana haraka, anafurahi kweli kumuona mzee, ukimaliza filamu unamkumbuka. Mmoja wenu aliandika kwenye grupu, nanukuu bila jina, mie siwezi kucheza mlinzi wa geti mistari minne nitachekwa. Haya mwanangu, mwenzio hata mistari hajaihesabu.

Filamu 11 alifanya na Bergman, na kote huko jukwaa hakuliacha, 1960 akahamia Dramaten akaendelea. Wamarekani walishaanza kumpigia simu akakataa, akakataa tena, mpaka walipomletea nafasi ya Yesu, filamu ikatoka 1965. Mie ile sikuimaliza, nawaambia ukweli, ndefu na inatembea kama basi la 5 saa kumi jioni, lakini ndo iliyomfungulia mlango.

Na mlango wenyewe nao una mambo yake, na hapa namjibu mwenzenu wa TV. Baada ya Yesu kila mtu akamuona ni wa dini. 1966 mmisionari Hawaii. 1973 padre mzee wa kufukuza mashetani, ile filamu iliyotisha dunia nzima, na wakati huo Max alikuwa na miaka 44 tu, walikuwa wanamkalisha kitini masaa kwa masaa wanampaka mikunjo mpaka anakuwa babu, na aliifanya vizuri kiasi kwamba watu wakaamini ni mzee kweli. Alafu likaja la lafudhi. Mzungu mweupe pe, mrefu, macho ya bluu, lakini akifungua mdomo Hollywood wanasikia mgeni, basi wakamuweka foleni ya adui. 1980 mfalme katili wa sayari huko, nguo nyekundu na ndevu za kubandika, wamemgeuza Mchina wa kuchorwa, ile hata yeye simsamehei. 1983 bosi wa maadui wa James Bond. Maofisa wa Kijerumani, wanasayansi wenye siri, wauaji wa kukodiwa. Kwahiyo mkidhani lafudhi inawafungia sisi tu, hapana, ila yeye alikuwa anaiacha Arlanda, uwanja wa ndege wa Stockholm, anaporudi nyumbani na sisi tunaishi nayo hapa hapa, hilo nalijua, msiniandikie voisi noti.

Ninachotaka muone ni anachofanya akishapewa hilo adui. Kuna filamu ya 1981, wafungwa wa vita wanacheza mpira na Wajerumani, humo kuna Pelé mwenyewe. Max ni meja wa Kijerumani, ndo aliyeanzisha wazo la hiyo mechi. Pelé anapiga tiktaka inaingia, jukwaa kuu lote la maofisa limenuna, Max anainuka peke yake anapiga makofi. Ni sekunde chache tu lakini pale pale unajua huyu jamaa kabla ya magwanda alikuwa mtu wa mpira. Adui kapata moyo na filamu haijaharibika.

Sasa wewe unayeitiwa muuza unga. Nenda. Ila omba skripti kwanza, usome kama huyo muuza unga ana mama, kama kuna kitu anakipenda, kama kuna mahali unaweza kuinuka ukapiga makofi. Kama kazi yake ni kushika bastola dakika ya tatu na kufa dakika ya tano na hakuna anayemlilia, wape asante kwa Kiswidi kizuri urudi mazoezini. Lakini ili urudi lazima pawe na pa kurudi. Max alikuwa anawakataa Wamarekani kwasababu baridi ikiingia ana ukumbi unamsubiri, hafi njaa na hafi kisanaa. Nyie mnataka kubomoa ukumbi wenu kwasababu ya simu moja ambayo hata usaili bado.

Na la baba. Hili ndo limenifanya nikae kwenye kompyuta mpaka usiku huu.

Mwaka 1987 alicheza Lasse, baba mtu, kwenye filamu ya Pelle Erövraren, imepata tuzo kubwa kabisa ya Cannes 1988 na Oscar ya filamu ya kigeni, na yeye akatajwa kwenye Oscar ya mwigizaji bora, hakupata. Mie niliiona kwenye TV nikiwa na miaka michache hapa, Kiswidi changu cha SFI, yale madarasa ya lugha ya wahamiaji, bado kinachechemea. Nikajua naangalia wazungu. Kumbe naangalia Waswidi masikini, mjane na mtoto wake wanashuka melini kisiwa cha Bornholm, Denmark, kutafuta kazi. Baba njiani kamuahidi mtoto maisha mazuri. Wanafika, waajiri wanapita wanachagua watu kama mbuzi wa Idi, yeye wanamruka, mzee sana huyu, na mtoto mdogo sana. Wanabaki wao wawili pale bandarini. Alafu kuna sehemu mtoto kanyanyaswa na kijana wa pale shambani, Lasse anajitutumua, anavimba kifua, anasema leo atanitambua, anaondoka kwenda kumuonesha. Anarudi hajafanya kitu. Ameogopa. Na mtoto anamwangalia.

Sikuzoea kulia mie. Nilimkumbuka baba mmoja jirani yetu wa ghorofa ya pili, kwao alikuwa mwalimu mkuu, hapa anasukuma vikapu hospitalini, akipokea simu ya ofisi mbele ya wanae sauti inakuwa nyembamba. Mnao wa hivo nyumbani, mnawajua. Sasa mtu aliyecheza wafalme na Yesu na Kifo kikimkimbiza, akiwa na miaka hamsini na nane kakubali kuwa mdogo namna ile, mabega yameshuka, anajichekesha mbele ya mabosi, na kila anachofanya unaona anampenda yule mtoto. Ule ndo uigizaji mgumu kuliko zote nilioona, na hakuna wimbo ndani yake.

Na nyie mmeandika mchezo ambao baba ni huyo huyo, nimeusoma, ukurasa wa tisa pale anaposhindwa kusoma barua ya Migrationsverket, watu wa uhamiaji, mbele ya mwanae, sijui nani kauandika ule ukurasa ila Mungu ambariki, alafu mnagombea kuwa kijana wa kurap.

Umri msinitajie. Peer Gynt alizeeka jukwaani akiwa na miaka 27, hapa hapa mjini. Na mistari michache msinitajie pia, maana 2012 alitajwa tena Oscar akiwa na miaka 82 kwa kumcheza mzee asiyesema neno hata moja filamu nzima, kiganja kimoja kimeandikwa ndio, kingine hapana, anakunyanyulia mkono basi. Alifariki Ufaransa, Machi 2020, miaka 90, alishakuwa raia wa huko tangu 2002. Mhamiaji naye, kwa namna yake.

Basi. Jumamosi saa kumi nyumbani kwangu. Funguo za chumba cha mazoezi ninazo mie na sizitoi mpaka tukutane. Wale wawili mliojitoa nimewatumia meseji pembeni, mje, hakuna atakayewauliza kitu mlangoni. Tutaangalia ya Lasse, ni masaa mawili na nusu, Kiswidi chake cha Skåne na Kidenishi, maandishi chini yapo. Mama Asha anapika pilau, kasema viatu mpange msivimwage mlangoni kama siku ile. Skripti mje nazo. Nani anamcheza baba mtaniambia tukishakula.

Mzee wenu wa basi la 5