Medicaid ikikataa matibabu ya ADHD, hesabuni siku

Mhariri,

Watoto wengi wa familia zinazozungumza Kiswahili hapa Marekani, hasa zilizotoka Kongo, wana Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Mtoto akishukiwa kuwa na ADHD, yaani hali ya kutotulia au kushindwa kutuliza mawazo, kinachokwamisha mara nyingi ni makaratasi.

Daktari hahitaji picha ya ubongo wala kipimo cha damu. Anatafuta dalili zilizoanza kabla ya miaka 12, zilizodumu angalau miezi 6 na zinazoonekana zaidi ya mahali pamoja, kwa mfano nyumbani na shuleni. Kwa hiyo hutoa fomu za Vanderbilt, za kuuliza dalili hizo: ya mzazi ina maswali 55, ya mwalimu 43. Ya mwalimu ndiyo huchelewa, basi mzazi aipeleke kwa mkono wake na kuiulizia baada ya wiki moja. Mkalimani aombwe mapema. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu humleta bila malipo. Asitumwe mtoto kutafsiri. Nani atayatafsiri kwa uaminifu mashtaka yanayomhusu mwenyewe?

Methilifenideti, dawa inayotumika sana kutibu ADHD, inadhibitiwa kisheria. Cheti cha dawa kikishatumika hakirudiwi, ingawa daktari anaweza kuandika kadhaa kwa mpigo, vya hadi siku 90. Mfamasia akisema bima imekataa, aulizwe sababu, na ni dawa gani ya aina hiyo iliyo kwenye orodha ya bima. Huenda kinachokosekana ni kibali cha awali cha bima tu, au kile cha zamani kimeisha muda, na anayekijaza ni daktari, si mzazi.

Ikija barua ya bima ya kukataa, tazameni tarehe yake. Kwa aliye chini ya kampuni inayosimamia Medicaid, rufaa hukatwa ndani ya siku 60, na kampuni hujibu ndani ya siku 30, au saa 72 ikiwa kuchelewa kutamdhuru mtoto. Kama ni huduma anayoipata tayari na inataka kukatwa, ombeni ndani ya siku 10 iendelee wakati rufaa inasikilizwa. Mkishindwa, mnaweza kudaiwa gharama yake. Kampuni ikishikilia msimamo, zipo siku 90 hadi 120, kutegemea jimbo, za kuomba shauri lisikilizwe na jimbo.

Nguvu ya rufaa imo katika barua ya daktari. Ieleze dalili, dawa zilizojaribiwa, kwa kipimo gani na kwa muda gani, kilichotokea, na kwa nini hii inahitajika kitabibu. Kisha itaje EPSDT, sehemu ya sheria ya Medicaid inayolazimisha majimbo kulipia matibabu ya lazima kwa walio chini ya miaka 21, hata kama mtu mzima halipiwi huduma hiyo. Barua isiyoitaja imeacha silaha nyumbani.

Kwa mtoto wa miaka 4 au 5, madaktari wa watoto huanza na mafunzo ya malezi kwa wazazi kabla ya dawa. Nayo yaombewe bima.

Vipimo vya masomo bima nyingi huvikataa. Viombeni shuleni kwa maandishi; chini ya IDEA, sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu, mzazi havilipii.

Mwenye bima ya kazini ana siku 180 za kukata rufaa, ila EPSDT haimhusu.

Wasomaji wenu,
Columbus, Ohio