Tujiongeze kwa kibali cha nani?

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka yote bila kukuandikia hata mstari. Lakini ile habari ya wiki iliyopita, waajiri wa utalii hapa Arusha wakilalamika kwamba sisi wafanyakazi "hatujui kujiongeza", imenikwama kooni.

Mimi ni dereva mwongoza wageni, mwaka wa 17 huu. Julai mwaka jana natoka Ngorongoro kwenda Serengeti, wageni sita ndani. Tumeshaipita njia panda ya Olduvai, jani la springi ya nyuma likakatika. Anayeijua barabara ile kabla ya kufika Naabi, lango la kuingilia Serengeti, hahitaji kuhadithiwa: vumbi, mawimbi, simu haishiki. Na amri ya kampuni imebandikwa kwenye dashibodi: usiguse gari wala kutoa shilingi kabla hujapiga simu ofisini. Nipige kwa mtandao gani? Giza likiingia haturuhusiwi kutembea hifadhini. Nikachana tyubu kuukuu, nikaipiga springi gango kwa tairi liva, kile chuma cha kubandulia tairi, tukajikongoja mpaka kambini, supu bado ya moto. Wageni wakanipa mkono. Bosi akanipa barua ya onyo, "kufanya matengenezo bila kibali", na nakala akaibandika ukutani wenzangu waisome.

Wakaisoma kweli. Wiki mbili baadaye mwenzetu akaishiwa tairi la spea njia hiyohiyo. Dereva wa kampuni nyingine akasimama, akamtolea la kwake. Jamaa akakataa, hana ruhusa. Wageni walikaa juani saa nne. Sasa huyo ndiye asiyejua kujiongeza?

Mama niliyemfanyia kazi zamani alikuwa akitukabidhi laki mbili za dharura na neno moja: wageni wasilale njiani, risiti tutaongea ukirudi. Kwake hata mpishi aliziba pancha.

Halafu Mei, mvua zinanyesha, mikataba ya msimu imekatwa, ndipo wanatuita semina ya "ubunifu kazini". Nauli ya daladala kutoka Sakina unajilipia. Huko ndiko kujiongeza wanakokutaka.

Naomba kila bosi mliyemhoji apande gari langu Agosti, kiti cha nyuma kabisa, kutoka Loduare, lango la kuingilia Ngorongoro, mpaka Naabi. Simu aiache ofisini, mfukoni awe na elfu kumi, na spea niliyoitoa upepo mwenyewe. Tyubu nitamwazima, akishaniletea kibali.

Dereva, Sakina, Arusha