Barua kwa vijana mtakaotembea na Ekaristi barabarani

Vijana wangu, Tumsifu Yesu Kristo.

Nimesikia mnajiandaa na maandamano ya sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo na wengi wenu ni mara ya kwanza, nikasema ngoja niwaandikie mapema maana siku yenyewe hakuna atakayenisikia, spika zitakuwa zimemshinda babu. Sina mengi. Nina moja tu, mwendo. Tembeeni pole, tena pole kuliko hiyo mnayodhani ndo pole.

Najua mtasema mzee magoti yamemchosha. Yamenichosha kweli, ila sisemi kwa ajili ya magoti. Nikiwa na umri wenu nilipewa nguzo ya mbele kulia ya kile kitambaa cha nguzo nne kinachomfunika padre, nikajiona mtu, miguu mirefu na kiherehere juu, tukafika kwenye kona mimi nikakata kona kama ninayewahi basi, kitambaa kikavutika, mwenzangu wa nyuma akaburutwa, nguzo ikainama na pindo likamshukia padre usoni, naye mikono yote miwili iko kwenye monstransi, kile chombo kinachobeba Ekaristi, imefunikwa na lile vazi la mabegani, hawezi hata kujifuta. Akasimama tu. Watu wote wakasimama. Nilitamani lami inimeze jamani.

Hakunigombeza. Baadaye pale sakristia, chumba anachovalia padre, akanipa monstransi tupu, akaniambia ishike hivi, usawa wa uso, nenda mpaka mlangoni urudi. Kufika mlangoni mikono ilishaanza kutetemeka. Ndo nikaelewa kwa nini zile altare za njiani zinawekwa pale zilipowekwa. Ni za kuabudu, sawa, watu wanapiga magoti, ubani unafukizwa, lakini pia kuna binadamu anaishusha monstransi mezani na mabega yake yanapumzika kidogo, hilo huwezi kuliona kwenye ratiba.

Sasa nyie wa msalaba na mishumaa, ambao hamumwoni padre kwa sababu yuko nyuma yenu, ndo mnaoamua kila kitu. Mkikazana, pengo linafunguka katikati, na dereva akiona pengo la mita 20 anajua tumeisha, anaingia, halafu bibi mwenye fimbo anabaki upande wa pili wa gari na rozari yake. Geuka. Kila baada ya hatua chache geuka uangalie nyuma, siyo utovu wa adabu.

Na kuimba. Mstari ukirefuka mpaka mita 340 hivi, sauti ya mbele inawafikia wa mwisho imechelewa sekunde nzima, kwa hiyo mbele mmeshamaliza ubeti na nyuma ndo wanavuta herufi ya mwisho, kila mtu anamwona mwenzake hajui wimbo. Msigombane kwa hilo! Wapeni wa nyuma mwimbishaji wao, na kama wao wataamua kusali rozari wakati nyie mnaimba, waacheni.

Kingine, wale madereva waliozuiwa na askari wa trafiki. Kanuni ya 944 ya Sheria ya Kanisa inasema maandamano ya barabarani ni ushuhuda wa hadharani wa heshima kwa Ekaristi, na kazi ya kupanga yafanyike vipi na kwa staha gani imeachwa kwa askofu. Haikuachwa kwa kijana mwenye fulana ya ulinzi na filimbi. Niliwahi kumsikia mmoja anamfokea mama kwenye gari "hujui Yesu anapita?" Huyo mama pengine hajui kweli, na kwa jinsi alivyofokewa sidhani kama alitamani kujua. Mnyanyulie mkono, mwambie samahani, asante. Simu zenu mtajua wenyewe, mimi naomba tu mtu asitembee kinyumenyume mbele ya Sakramenti akitafuta picha, ataanguka na mtoto wa maua ataanguka juu yake.

Na mkiona tunachelewa, mkumbukeni Juliana wa Liège. Huyu mtawa aliipigania sikukuu hii miaka mingi, akafa 1258 bila kuiona ikifika Kanisa zima, Papa Urbano wa Nne akaja kuitangaza 1264. Nyie mnakosa uvumilivu kwa sababu ya kona mbili na taa nyekundu.

Basi. Wanne mliopangiwa nguzo mje kwangu Jumamosi jioni na viatu mtakavyovaa, nataka mpangane kwa urefu, wafupi mbele, na yule wa mbele kulia awahi nusu saa kabla ya wenzake, nina mazungumzo naye.

Babu yenu.