Msimponye Luanda Magere: barua kwa vijana wa filamu Kisumu

Wanangu,

Mswada wenu wa filamu ya Luanda Magere, shujaa wa Waluo, nimeusoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili mama yenu asikie akiwa jikoni. Mazungumzo yanatiririka na vita vya nyanda za Kano mmevipanga vizuri. Ila nilipofika ukurasa wa 42 niliweka miwani chini.

Hapo yule binti wa Kinandi anamnyemelea shujaa usingizini, anamwibia hirizi shingoni, na nguvu zinamwisha. Hirizi mmeitoa wapi? Bibi yangu alipoisimulia hadithi hii alianzia kwenye homa. Luanda Magere, mtu wa mwili wa jiwe, ambaye mikuki ilimgonga ikaanguka, siku hiyo alikuwa hoi kitandani. Mke mkubwa hayupo. Akamwita binti huyo wa Kinandi, mke wake mdogo, akamwambia achukue kisu, aache mwili, achanje chale kwenye kivuli chake na kupaka dawa. Kisu kikagusa kivuli, damu ikatoka. Bibi akifika hapo alikuwa akichora kwa kidole vumbini, juu ya kivuli changu mimi mwenyewe, nami nikauvuta mguu haraka.

Hicho ndicho mlichokikata. Luanda Magere hakuibiwa, wanangu. Aliugua, akahitaji mkono wa mtu mwingine, na siri ikatoka kinywani mwake mwenyewe.

Najua mmejifunza wapi, kwa sababu nami nimezitazama zile filamu za kigeni za mashujaa wa kale. Katika utenzi wa Homer, Mgiriki wa kale, shujaa Achilles analia kando ya bahari akimwita mama yake, na rafiki yake Patroclus anapouawa anajimwagia vumbi kichwani na kugaagaa chini. Filamu ya Troy ya mwaka 2004 ilimfanya Patroclus kuwa binamu mdogo, ingawa kwa Homer ndiye mkubwa wa Achilles kwa umri. Miungu nayo karibu yote ikaondolewa, na vita vya miaka kumi vikaonekana vya wiki chache. Kilichobaki zaidi ni misuli na upanga. Lakini walibakiza jambo moja, na ndilo ninalolikumbuka hadi leo: mfalme Priam, mzee, anaingia usiku katika hema la Achilles na kuibusu mikono iliyomuua mwanawe Hector, aombe maiti akazike. Hapo hakuna upanga unaochomolewa. Watazameni wale wawili tena, mzime sauti, mwone nyuso zinavyofanya kazi.

Sisemi msibadilishe kitu. Waliotengeneza Beowulf ya mwaka 2007 walithubutu zaidi yenu. Katika utenzi wa kale wa Waingereza, shujaa Beowulf anamuua mama yake zimwi Grendel chini ya maji, basi. Katika filamu analala naye, anarudi na uongo, na joka linalokuja kumuua uzeeni ni mtoto wake mwenyewe. Mimi binafsi sikuipenda, lakini naiheshimu: walimwongezea shujaa aibu na deni. Nyinyi mmempunguzia.

Na huyo binti. Katika mswada wenu hana jina, na hana hata sentensi moja isiyo ya hila. Kumbukeni kwamba Homer alitunga kwa Kigiriki, kwa Wagiriki, na bado utenzi wake unaishia kwenye mazishi ya Hector, adui. Binti huyu aliolewa ugenini ili awasaidie watu wake. Kwao yeye ndiye shujaa. Filamu yenu itatazamwa Muhoroni na Nandi Hills pia, na watu wa pande hizo mbili wanakutana sokoni kila wiki. Mpeni tukio moja akiwa peke yake na kile kisu, kabla hajaamua kukimbilia kwao na siri ya kivuli. Msiharakishe hapo.

Mengine ni madogo: mavazi, nyimbo, ile droni mnayoirusha kila ukurasa. Nimeyaandika pembeni kwa penseli.

Njooni Jumamosi asubuhi na kinasa sauti. Tutaenda Kano kwenye lile jiwe la Luanda Magere ambalo wenyeji husema wawindaji walinolea mikuki, na wapo wazee huko wanaoijua hadithi hii kunishinda. Tutoke mapema, jua likiwa bado chini, maana nataka mpiga picha wenu aone vivuli vinavyokuwa virefu saa hiyo.

Mzee wenu, mwalimu mstaafu,
Kisumu