Barua ya wazi kwa dada yangu: sheria ianzie stendi

Dada yangu,

Shikamoo. Jumapili jioni uliniuliza kwa nini nimeibadilisha barua ya kwenda bungeni uliyoniagiza nikuchapie. Nilianza kukujibu kwa simu, sauti ikakwama. Ndiyo maana naandika. Naandika hadharani kwa sababu wewe mwenyewe ulisema msibani, mbele ya wazee, kwamba kifo cha mwanetu hakitafichwa tena ndani ya ukoo.

Barua yako ilikuwa na ombi moja tu: anayeua mtoto anyongwe. Uliiandika kwa mkono, kurasa mbili za karatasi ya mistari, na pale kwenye jina la mwanetu kalamu ilitoboa karatasi. Nimeitunza kwenye faili. Lakini dada, hilo unaloliomba lipo tayari. Kwa sheria zetu, anayepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia adhabu yake ni kunyongwa, na imekuwa hivyo tangu hatujazaliwa. Ukipeleka ombi hilo bungeni watakukaribisha kiti, watakupa pole, watakuambia sheria ipo, na watakuwa wamesema kweli. Utarudi Mvumi mikono mitupu.

Kesi yenyewe siigusi. Iko mahakamani, tuiachie mahakama. Nataka tuzungumzie miezi tisa iliyotangulia kifo chake.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nimeisoma usiku, nikishafunga duka. Inasema mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Inasema asiajiriwe kabla ya miaka 14, na hata akifika hapo ni kazi nyepesi tu isiyomkosesha shule. Kufanyishwa kazi kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni marufuku. Inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa akatoe taarifa serikali za mitaa. Kuna namba 116 ya kupiga bure, na vituo vya polisi vina madawati ya jinsia na watoto. Mwanetu alikuwa na miaka 12. Kwenye karatasi alikuwa amezungushiwa ua kila upande. Nikawa nafunua ukurasa baada ya ukurasa natafuta mahali ambapo serikali ingejua tu kwamba amehama, kwamba ametoka kwa mama yake Chamwino na sasa analala nyumba fulani Dar es Salaam. Sikupaona.

Kumuasili mtoto kunahitaji amri ya mahakama. Kumpeleka kwa ndugu kunahitaji nauli.

Wewe umekulia kwenye mifugo kuliko mimi, unajua ninachotaka kusema. Mbuzi akinunuliwa mnadani Msalato na mwenyewe akataka kumpeleka wilaya nyingine, anakatiwa kibali cha kusafirisha mifugo, na njiani kuna watu wa kukikagua. Inaandikwa katoka wapi, anakwenda wapi, ni wa nani. Sisemi hivyo kwa kejeli. Kibali kile kina maana yake, maana ugonjwa ukizuka lazima ijulikane mnyama alikotoka. Nauliza kwa uchungu kwa nini binti wa Kigogo wa miaka 12 apite vizuizi vyote vile vya barabara ya Morogoro bila mtu hata mmoja kumuuliza anakwenda kwa nani.

Na aliyempandisha basi ni mimi. Nataka hili lisomwe na kila mtu, kwa sababu wewe hujawahi kulisema, na kunyamaza kwako kunanila. Novemba 2022, uwele wa mwaka ule ulikuwa umekauka shambani, ghalani kumebaki debe na nusu, mkaniomba ushauri, nikasema apelekwe, atasoma, mjini kuna umeme. Nilikuwa naamini. Mimi mwenyewe nimesomeshwa na shangazi, nimelala kwenye jamvi la sebule yake miaka saba, na leo nina duka. Watu wetu wameokoka njaa nyingi kwa kugawana watoto namna hiyo. Anayesema tupige marufuku mtoto kulelewa na ndugu hajawahi kuona Januari ya Mvumi mvua ikikataa.

Nilitumiwa shilingi elfu hamsini kwenye simu, nauli na usumbufu. Nikamkatia tiketi, tukafika stendi ya Nanenane saa kumi na moja na nusu alfajiri. Konda aliuliza tu kama ana mzigo wa chini. Alikuwa na begi la mgongoni, sweta la shule na madaftari mawili mapya niliyompa kutoka dukani. Fedha iliyobaki nilinunulia wino wa printa.

Baadaye simu. Kila nilipopiga, spika ilikuwa imewashwa, nasikia mtu mzima akipumua pembeni. Mtoto anaamkia, anasema hajambo, anasema anasoma. Halafu anauliza, "Mjomba, mvua imenyesha huko?" Namwambia bado, au kidogo. Anauliza tena kabla hatujaagana. Simu ya mwisho aliuliza mara tatu, nikamtania kwamba ameshakuwa bwana shamba. Nimekuja kuelewa msibani, nimekaa kwenye mkeka na wanaume, nikaona aibu kuinua macho. Alichukuliwa kwa sababu mvua ilikosekana. Alikuwa anauliza kama anaweza kurudi nyumbani.

Begi uliliona liliporudi. Daftari moja lilikuwa na jina lake kwenye jalada, na chini yake ameandika Darasa la VI kwa mwandiko wake ule wa kulalia kushoto. Ndani halina hata herufi.

Sasa nikueleze habari ya Victoria Climbié, maana nimekutana nayo nikitafuta wazazi wengine waliopita njia yako. Alizaliwa Kodivaa, karibu na Abidjan. Mwaka 1998 wazazi wake, Francis na Berthe, walimkabidhi kwa shangazi wa baba yake aliyeahidi kumsomesha Ulaya. Alipitishwa Ufaransa kwa pasipoti ya mtoto mwingine, akaingia London Aprili 1999. Tarehe 25 Februari 2000 alifariki, akiwa na miaka 8, mwili wake una majeraha 128. Ustawi wa jamii walikuwa wamemwona, polisi walikuwa wamemwona, hospitali mbili zilimlaza. Uchunguzi wa serikali ulioongozwa na Lord Laming ulihesabu nafasi zisizopungua 12 za kumwokoa zilizopotea.

Yule shangazi na mwanaume aliyekuwa akiishi naye walifungwa maisha Januari 2001. Wazazi hawakuishia hapo. Walifuatilia uchunguzi ule, wakasikiliza kila kilichofanyiwa binti yao kikisomwa. Nilifikiri sana juu ya Berthe, dada, kwa sababu yako. Ripoti ilitoka Januari 2003, na Bunge la Uingereza likatunga sheria mpya ya watoto mwaka 2004. Kuna sehemu ndogo ya sheria hiyo ambayo haikupata kelele nyingi lakini ndiyo iliyonifanya nibadilishe barua yako: ilikaza utaratibu wa kutoa taarifa pale mtoto anapokwenda kuishi na mtu asiye mzazi wala ndugu wa karibu. Kwao mtoto wa chini ya miaka 16 akikaa hivyo siku 28 au zaidi, halmashauri lazima ijulishwe, na afisa aende nyumbani kumwona. Mwaka wa kwanza anatakiwa kufika angalau kila wiki sita. Amwone mtoto, azungumze naye peke yake.

Peke yake, dada. Bila spika.

Hilo ndilo nililoandika kwenye rasimu. Mtoto akihama kaya kwenda kulelewa kwingine, mtendaji wa kijiji anakotoka aandike, na mtendaji wa mtaa anakofika aandike ndani ya mwezi. Afisa ustawi wa jamii amfikie. Shule iliyoahidiwa ithibitishe kwamba amepokelewa, kwa sababu kiti kitupu darasani kingepiga kelele mapema kuliko sisi. Na basi lisimchukue mtoto anayesafiri bila mzazi kama hana ile karatasi ya mtendaji. Wale madalali wanaokusanya mabinti vijijini kwetu kila ukame wanashughulikiwa na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008, na ni kali, lakini inataka uthibitishe nia ya kumnyonya. Nani angeithibitisha alfajiri ile Nanenane, mtoto ameshikwa mkono na mjomba wake?

Najua utaniuliza karatasi hiyo itauzwa shilingi ngapi ofisini kwa mtendaji. Ni kweli, itauzwa kwa baadhi. Nimeandika itolewe bure, na nakala ibaki kwa mwenyekiti wa kitongoji, ili mtu asiyeweza kusoma aweze kwenda kuuliza, mtoto wa fulani aliandikwa kwenda wapi? Halitamaliza ubaya wote. Mwanetu angeandikwa, angetafutwa, na kwa miezi tisa mtu mmoja angeweza kumkuta hai.

Ile ya kunyongwa nimeitoa. Ukitaka irudi, itarudi, mtoto ni wako. Nakuomba tu uisome kwanza rasimu yote pamoja na shemeji. Nami nimeweka jina langu kama shahidi wa aya ya pili, inayoeleza jinsi alivyosafirishwa, na kiasi cha fedha nilichopokea nimekitaja.

Tunaishi Dodoma, dada. Wenzetu wa Kigoma wanalala njiani kulifikia Bunge, sisi ni daladala mbili. Mbunge anaweza kupeleka hoja binafsi, na msaidizi wa mbunge wetu amekubali kutupokea Jumatatu saa nne. Nimetoa nakala hamsini. Zile sahihi ulizokusanya kanisani na kwa akina mama wa kikundi usizikunje, wanaoweka dole gumba wawekewe wino wa kutosha, nyingine nilizoziona zimefifia. Panda gari la kwanza. Nitakuwa nakusubiri hapo unaposhukia.

Njoo na daftari lake.

Mdogo wako,
Dodoma mjini